MFAMASIA ATOKE GHALANI, AENDE KWA MGONJWA

Wahenga walisema akiba haiozi. Mtunza ghala la dawa anajua kwamba usemi huo haumhusu. Dawa ina tarehe yake ya mwisho, na hata kabla ya tarehe hiyo yaweza kumdhuru yule yule iliyokusudiwa kumponya.

Ndugu wapiganaji na askari, kwa muda mrefu mfamasia alihesabiwa kuwa mtu wa ghala: apokee dawa, aihesabu, aitoe kwa karatasi ya daktari. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini nyinyi mnajua kwamba kutoa risasi ghalani ni jambo moja, na kujua imetumikaje ni jambo lingine.

Mwaka 1961 ulimwengu ulitambua kwamba thalidomaidi, dawa waliyopewa wajawazito kutuliza kichefuchefu na kuleta usingizi, ilikuwa imewalemaza maelfu ya watoto wachanga. Miaka mitano baadaye, katika Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, wafamasia waliwekwa katika ghorofa ya tisa ya hospitali, karibu na vitanda vya wagonjwa wa upasuaji, usiku na mchana. Wakawa washauri wa madaktari na wauguzi. Huo ulikuwa mmoja wa misingi ya elimu iitwayo famasia ya kliniki, yaani ufamasia unaomfuata mgonjwa mpaka apone.

Afrika Mashariki haikulala. Mwaka 1974 Nairobi na Dar es Salaam zilianza kuwafundisha wafamasia wa shahada, na baadaye Muhimbili ikaanzisha shahada ya uzamili katika famasia ya hospitali na ya kliniki.

Historia ya Juba ilikuwa ngumu zaidi. Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yalileta amani. Chuo Kikuu cha Juba kikaundwa mwaka 1975 na kupokea wanafunzi mwaka 1977. Vita vilipozuka upya mwaka 1983, elimu ilikuwa miongoni mwa majeruhi wa kwanza. Mwaka 1989 chuo kilihamishiwa Khartoum, na kwa miaka mingi mji ukabaki na wagonjwa lakini bila chuo chake.

Na wagonjwa hao hawakuwa na maradhi mepesi. Katika miaka ya 1990 malale yalirudi kwa nguvu Tambura, Yei na Kajo-Keji. Dawa ya hatua ya mwisho ya ugonjwa huo ilikuwa melasoproli, iliyotengenezwa kwa aseniki, na yapata mgonjwa mmoja katika kila 20 aliuawa na dawa yenyewe. Dawa kama hiyo haitaki mhesabu chupa. Yataka mtu wa kupima uzito wa mgonjwa, kuangalia dalili za ubongo kushambuliwa, na kusema kwa wakati: simamisheni. Dawa salama zaidi zilikuja kuchukua nafasi yake, lakini somo lilibaki.

Leo somo hilo liko hata kambini. Askari mwenye virusi vya UKIMWI akipata kifua kikuu, hupewa rifampisini. Dawa hiyo hulifanya ini liiondoe dolutegraviri mwilini upesi, kwa hiyo dolutegraviri hutolewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Asiyelijua hilo atatoa vidonge vyote kwa hesabu sahihi, na virusi vitashinda.

Hapo ndipo ilipo hoja ya masomo ya uzamili kwa wafamasia walio kazini. Nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na ikaingia tena vitani Desemba 2013, haina wafamasia wa ziada. Ukimwondoa mmoja kwa miaka miwili, huenda dirisha lake likafungwa. Uingereza, kwa miongo kadhaa, wafamasia wa hospitali wamesoma stashahada ya kliniki huku wakifanya kazi, na wodi zao zikawa madarasa. Jeshi nalo halifungi kambi kwa sababu sajini anasoma. Humfundisha kwa zamu, kisha humrudisha kikosini.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Uanachama huo usiishie kwenye mipaka na ushuru. Walimu wa Nairobi na Dar es Salaam waweza kusaidia, na Hospitali ya Kufundishia ya Juba, pamoja na hospitali za majeshi, zikawa mahali pa mazoezi. Lakini mafunzo hayo hayatakuwa na maana iwapo mhitimu atarudishwa kuhesabu makasha. Hapana budi apewe nafasi katika ziara ya wodi, na neno lake lisikilizwe.

Askari aliyejeruhiwa akitetea nchi amekwisha kumshinda adui mmoja. Haifai auawe na kipimo kibaya cha dawa.