Disasi Makulo, mtoto aliyekamatwa

Sisi wa Mangobo tunaona kila siku mitumbwi ikishuka mto kuelekea Basoko. Upande ule ndiko alikozaliwa Disasi Makulo. Angali mtoto, watu wa Tippo Tip walimkamata. Mwaka 1883 Stanley akamnunua kwao. Tuseme bila kuficha: Kiswahili hiki tunachohubiria kilifika Kisangani pamoja na hao waliomkamata.

Baadaye alikaa na mmisionari Grenfell, akabatizwa. Angeweza kubaki mbali na kwao. Lakini alirudi kuwahubiria ndugu zake waliomlilia kama maiti, na kazi ya Yalemba ikaanza. Kabla ya kufa, mwaka 1941, aliwasimulia watoto wake yote, hata kukamatwa kwake, nao wakaandika.