Mtu Aliyepanda Miti: Hadithi Fupi Iliyozaa Filamu ya Katuni

Filamu fupi ya katuni *L'Homme qui plantait des arbres*, yaani "Mtu Aliyepanda Miti", ilitolewa mwaka 1987 na shirika la utangazaji la Radio-Canada. Filamu hiyo ya dakika 30, iliyochorwa na kuongozwa na Frédéric Back, inatokana na hadithi fupi ya mwandishi Mfaransa Jean Giono.

Giono aliandika hadithi hiyo mwaka 1953, baada ya jarida moja la Marekani kuomba makala kuhusu mtu halisi asiyesahaulika. Wahariri walipobaini kuwa mhusika wake, Elzéard Bouffier, hakuwahi kuwepo, waliikataa. Jarida la Vogue liliichapisha mwaka uliofuata. Mwaka 1957, akimjibu ofisa mmoja wa misitu, Giono alikiri kuwa Bouffier ni mtu wa kubuni, na kwamba nia yake ilikuwa kuwafanya watu wapende miti, na zaidi wapende kuipanda. Aliruhusu hadithi hiyo ichapishwe bila kumlipa.

Hadithi inaanza mwaka 1913 katika nyanda kame za Provence, kusini mashariki mwa Ufaransa. Msafiri aliyeishiwa maji anapokewa na Bouffier, mchungaji wa kondoo mwenye umri wa miaka 55 anayeishi peke yake. Kila jioni mchungaji huyo huchambua mbegu 100 za mwaloni zisizo na dosari, na kesho yake huzifukia ardhini. Katika miaka mitatu amekwisha kupanda mbegu 100,000, ambazo 20,000 kati yake zimeota, naye anatarajia kupoteza nusu ya hizo. Vita Kuu mbili zinapita, naye haachi kazi yake. Vijito vilivyokauka vinatiririka tena, na watu wanarejea katika vijiji vilivyohamwa.

Mwaka 1935, kwa mujibu wa hadithi, ujumbe wa serikali unafika kuukagua msitu huo, ukiamini umeota wenyewe. Unauweka chini ya ulinzi na kupiga marufuku uchomaji mkaa, lakini mpandaji hatajwi popote. Ni ofisa mmoja tu wa misitu anayeelezwa siri hiyo, naye anaitunza.

Back alichora kwa penseli za rangi juu ya karatasi za plastiki, kazi aliyoifanya akiwa tayari amepoteza uwezo wa kuona wa jicho moja. Picha za mwanzo zina rangi hafifu ya udongo na upepo. Kadiri miti inavyokua, rangi nazo hukolea hadi skrini nzima kujaa kijani na mwanga. Toleo la Kifaransa linasimuliwa na mwigizaji Philippe Noiret, na la Kiingereza na Christopher Plummer.

Filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya tamasha la Annecy, Ufaransa, mwaka 1987, na mwaka 1988 ikatwaa Tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya katuni. Ilikuwa Oscar ya pili kwa Back, baada ya ile ya filamu yake *Crac!*.

Nchini Kanada filamu hiyo ilihamasisha watu wengi kupanda miti. Back, aliyefariki dunia mjini Montreal mwaka 2013, naye alipanda maelfu ya miti katika ardhi yake. Bouffier hakuwahi kuwepo. Miti iliyopandwa kwa sababu yake ipo.