Tarakilishi ya kwanza ya kuhariri video: Pesa ziende wapi?

KIJANA anayerekodi harusi, mazishi au nyimbo za kwaya kwa simu au kamera ya kukodi hufika siku ambapo hana budi kuwa na tarakilishi yake mwenyewe ya kuhariria. Hapo ndipo makosa huanza. Wengi hufika Luthuli Avenue, Nairobi, wakavutiwa na kadi ya michoro iliyokusudiwa michezo ya video, pamoja na kasha lenye taa za rangi. Salio dogo linalobaki ndilo hununua kumbukumbu na diski. Mashine ya namna hiyo hung'ara mezani lakini hukwama pindi video ya kwanza inapofunguliwa.

Kiini cha tatizo ni jinsi video zenyewe zinavyohifadhiwa. Simu na kamera nyingi hubana picha kwa mfumo wa H.264 au H.265 ili kadi isijae upesi. Katika mifumo hiyo, picha chache tu huhifadhiwa nzima; zilizosalia huandikwa kama tofauti baina yake na picha jirani. Mtazamaji haathiriki, maana yeye husonga mbele tu. Mhariri, ambaye huruka huku na huko, huilazimu tarakilishi kukokotoa upya kundi zima la picha kila anapogusa mahali papya. Isitoshe, picha moja ya 4K ina nukta 8,294,400, mara nne ya picha ya 1920 kwa 1080.

Kwa sababu hiyo, prosesa ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Tangu 2011, prosesa nyingi za Intel zimekuwa na sehemu iitwayo Quick Sync, ambayo kazi yake ni kufungua na kubana video. Sehemu hiyo imo katika kitengo cha michoro kilicho ndani ya prosesa. Basi prosesa ambayo jina lake huishia kwa herufi F, na ambayo kwa kawaida huuzwa nafuu kidogo, haina kitengo hicho wala Quick Sync. Herufi moja tu, lakini kwa mhariri asiye na kadi ya michoro yaweza kuwa tofauti ya kumaliza kazi usiku au asubuhi. Anayechagua AMD naye ahakikishe kwamba prosesa yake ina kitengo cha michoro, au atenge fedha za kadi.

Kuhusu kumbukumbu ya RAM, gigabaiti 16 ndicho kima cha chini, na 32 hufaa zaidi kwa 4K. Bei zake zilipanda mno kuanzia miezi ya mwisho ya 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye vituo vya akili unde. Kwa hivyo ni busara kununua bodi kuu yenye nafasi nne, kuanza na vipande viwili na kuongeza baadaye. DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo la kipande hukataa kabisa kuingia pasipo pake.

Je, kadi ya michoro haina maana? Inayo, ila inategemea programu. DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure hutoa video hadi 3840 kwa 2160, huitegemea sana kadi, hasa katika kurekebisha rangi. Kdenlive na Shotcut, ambazo pia ni za bure, huegemea zaidi prosesa. Anayeanza na hizi mbili anaweza kungoja malipo ya kazi za kwanza ndipo anunue kadi.

Diski ndiyo hudharauliwa zaidi, ilhali hesabu yake ni rahisi. Video ya megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Harusi iliyorekodiwa na kamera mbili kwa saa nne hula gigabaiti 360 kabla ya kukatwa hata kipande kimoja. SSD ya terabaiti moja kwa kazi inayoendelea, na diski kuu ya kawaida kwa kazi zilizokwisha, ni mpangilio unaofaa. Mashine ikilemewa hata hivyo, programu hizo zote tatu huweza kutengeneza nakala nyepesi za video za kuhariria, kisha zikarejea kwa zile halisi wakati wa kutoa kazi.

Wapo wanaoanza na tarakilishi kuukuu za ofisini kutoka ng'ambo. Si vibaya, lakini nyingi zina pawasaplai na bodi za maumbo yasiyo ya kawaida, hivyo kadi kubwa haiingii na sehemu za kubadilisha hazipatikani kwa urahisi. Aidha, Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 huhitaji prosesa ya kizazi cha nane au zaidi.

Kuunganisha vipande si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Tundu la prosesa kwenye bodi sharti lilingane na prosesa yenyewe, mikono iguse chuma kwanza ili kuondoa umeme tuli, na waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya michoro, kama ipo, si kwenye bodi. Pawasaplai ya bei ya chini mno ni hatari. Ikiungua huweza kuunguza na jirani zake.

Kutokana na kupotea kwa umeme mara kwa mara, UPS ihesabiwe katika bajeti tangu mwanzo, hata ikibidi kasha liwe la kawaida lisilo na taa. Diski ya nje ya nakala nayo inunuliwe siku hiyo hiyo, na kadi ya kamera isifutwe hadi video ziwe mahali pawili: bibi harusi hawezi kuombwa arudi kanisani.