Maji ya Rusumo na Ujirani wa Mataifa

Atazamaye ramani ya Mkoa wa Kagera ataona jinsi Wilaya ya Ngara ilivyoingia kati ya Rwanda na Burundi, nayo Biharamulo ikiwa mgongoni mwake kuelekea Ziwa Viktoria. Mto Ruvubu unashuka kutoka Burundi, unapita katika nchi ya Ngara, kisha unakutana na Kagera juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo. Maji ya nchi tatu yanapita katika koo moja la mwamba. Tukitaka kuueleza ushirikiano wa mataifa katika sehemu hii, hapana budi tuanzie hapo, kwa kuwa mto ulitangulia na mikataba ikaufuata.

Mipaka yenyewe si ya kale. Mjerumani von Götzen alivuka Kagera hapo Rusumo mwaka 1894 akaingia Rwanda, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza na Wabelgiji wakagawana nchi zilizokuwa chini ya Wajerumani. Wahangaza wa Bugufi, ambao lugha yao ni jamaa wa karibu wa Kirundi, wakajikuta upande wa Tanganyika. Kwa watu hao, neno "nchi ya nje" limekuwa siku zote neno la ofisini zaidi kuliko la nyumbani.

Tarehe 24 Agosti 1977, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia sahihi hapo hapo Rusumo mkataba wa kuunda shirika la kuliendeleza Bonde la Mto Kagera. Uganda ikajiunga mwaka 1981. Makao yakawa Kigali, na nia ilikuwa kubwa: umeme, kilimo, reli, simu, hata vita dhidi ya mbung'o. Umoja wa Mataifa ulisaidia katika uchunguzi, na makabati yakajaa taarifa. Lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kisha misukosuko ya Rwanda na Burundi, pamoja na michango ya wanachama iliyochelewa au isiyofika kabisa, viliudhoofisha mwili huo hata ukavunjwa mwaka 2004. Kwa maoni yetu, shirika hilo halikushindwa kwa kukosa wataalamu. Lilikosa amani na lilikosa fedha za wenyewe.

Wakati huo Ngara ilikuwa imekwisha kuonja ujirani wa namna nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa kama siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kitaliani ya ujenzi wa barabara, ikageuka mji mkubwa kwa usiku mmoja. Misaada ya dunia ikamiminika: mahema, unga, madaktari. Hata hivyo kuni hazikuletwa kwa malori kutoka Ulaya. Zilikatwa vilimani, na vilima vya Ngara vikabaki vitupu. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, na miti iliyokatwa haikurudi pamoja na kuondoka kwao. Ndiyo maana mwananchi wa huko akisikia neno "wafadhili" huuliza kwanza watakaa muda gani.

Swali hilo ni la haki, na majibu yake yamekuwa mbalimbali. Kwa msaada wa Japani lilijengwa daraja jipya, ambalo marais Magufuli na Kagame walilizindua rasmi Aprili 2016, pamoja na kituo cha mpakani ambapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Uholanzi nayo ilichangia mitambo ya dizeli ya kuwapa umeme watu wa Ngara na Biharamulo. Mitambo hiyo ilikuwa nafuu ya kweli, ila dizeli ililazimu kusafirishwa kutoka mbali, na kila lita iliyochomwa ilipaswa kununuliwa tena.

Ndipo maporomoko yenyewe yakarudiwa. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 340 za Marekani kwa ajili ya mtambo wa Rusumo, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasaidia ujenzi wa njia za umeme. Mtambo ni wa megawati 80, nao ni mali ya nchi tatu kwa mafungu sawa. Mpango wa awali wa kujaza bwawa kubwa uliachwa, kwa sababu maji yangefunika mashamba ya mabondeni na kuwahamisha watu wengi; ukachaguliwa mtambo unaotumia mkondo wa mto kama ulivyo. Uamuzi huo twauhesabu kuwa bora kuliko yote yaliyofanywa hapo.

Njia moja ya umeme inakwenda Gitega, nyingine Kigali, na ya tatu inavuka Ngara hadi Nyakanazi katika Biharamulo, inakoungana na nyaya zitokazo Geita. Chini ya nyaya hizo, katika vijiji vingi, taa inawaka na redio inasema, lakini chungu kingali juu ya mafiga, na kuni bado zinatafutwa katika vilima vile vile.