Waya Juu ya Mwembe

Radio Tanzania, iliyorithi mwaka 1965 kazi iliyoasisiwa na Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ilifika Songea, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, kwa mawimbi mafupi, yapandayo angani yakagota tabaka la juu na kurejea ardhini yamedhoofu; basi mwenye redio hakuwa na budi kuwa fundi, akatandaza waya wa shaba toka paani hadi mwembeni, ncha akaifungia shingo ya chupa, maana mti mbichi hunyonya mawimbi. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipoanza vita ng’ambo ya mto Ruvuma mwaka 1964, habari ilitafutwa kwa shauku zaidi, na betri zilizochoka zikaanikwa juani kama dagaa.