Kiza cha Siku 28: Unguja na Uchaguzi wa Jenereta

Usiku wa Jumatano, tarehe 21 Mei 2008, watu wa Unguja walikuwa wamejazana mabarazani na katika mabanda ya kuoneshea mpira. Manchester United na Chelsea walikuwa wanakutana Moscow katika fainali ya klabu bingwa za Ulaya. Umeme ukakatika. Hakuna aliyeshtuka, kwani kukatika kwa umeme hakukuwa jambo geni kisiwani. Kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba asubuhi utarudi. Ulirudi tarehe 18 Juni.

Sababu yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitengeneza. Tangu mwaka 1980, Unguja ilikuwa ikipata umeme wake kutoka bara kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa Dar es Salaam hadi Fumba. Waya huo ulibeba msongo wa kilovolti 132 na uliweza kupitisha kiasi cha megawati 45. Nje ya huo hapakuwa na njia ya pili. Ile mitambo ya dizeli iliyokuwa ikikiwasha kisiwa kabla ya 1980 ilikuwa imeachwa izeeke, kwa hoja iliyoonekana ya busara kabisa: mwenye mto mlangoni ana haja gani ya kuchimba kisima? Kisiwa kizima kikaning'inia kwenye uzi mmoja, nao uzi huo ulikuwa na umri wa miaka 28 siku ulipokatika. Mafundi na vipuri vililazimika kutoka Norway.

Mtu anayejua historia ya mji huu ataona hapo jambo la kustaajabisha. Seyyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, nyumba ile ikawa miongoni mwa nyumba za mwanzo kabisa Afrika ya Mashariki kuwa na taa za umeme. Katika karne ya kumi na tisa umeme hapa ulikuwa wa ufalme na wa maonesho. Raia walibaki na koroboi, na mwenye uwezo kidogo alikuwa na fanusi au kandili. Ilichukua karibu miaka 100 taa ile kushuka kutoka jumba la mfalme hadi nyumba ya mkulima, hasa kupitia mradi wa kupeleka umeme mashamba uliosaidiwa na Norway kuanzia miaka ya 1980. Na uliposhuka, watu waliuamini moja kwa moja. Kandili zikauzwa, ndoo na kamba zikatupwa, visima vya uani vikafunikwa, kwa kuwa maji nayo yalianza kuvutwa kwa pampu za umeme. Kwa hiyo mwaka 2008 kiza hakikuja peke yake. Kilikuja na kiu, na wanawake na watoto ndio waliobeba madumu.

Ndipo biashara ya jenereta ilipochangamka. Wiki ya pili ya kiza, mtu aliyepita Darajani alizikuta zimepangwa mbele ya maduka kama matikiti, na bei zikipanda baina ya asubuhi na alasiri. Wengi walinunua ile ndogo kuliko zote, inayobebeka kwa mkono mmoja, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Iliandikwa ubavuni wati 800, au hata 950. Maandishi yale hayakuwa uongo mtupu, ila yalisema kilele tu, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa kwa nukta chache. Nguvu ya kudumu ilikuwa karibu wati 650. Kwa taa nne, feni na televisheni, inatosha. Kwa jokofu, haitoshi.

Hapa ndipo palipoungua fedha za watu wengi, nami nimo. Jokofu la kawaida la nyumbani hutumia wati 150 hivi likiwa linakwenda, na mnunuzi akipiga hesabu kwa tarakimu hiyo huona ana nafasi tele. Lakini kompresa yake, kila inapoamka kutoka usingizini, huvuta mara tatu au zaidi ya kiasi hicho kwa kitambo kidogo. Pampu ya maji ya nusu nguvu ya farasi ni mkaidi zaidi: hutaka wati 500 au 600 kwa kwenda, na huweza kudai 1,500 na zaidi kwa kuanza. Jenereta ndogo ikitakiwa hivyo hulegea, volti hushuka, na kilichounganishwa huteseka pamoja nayo. Yangu iliishi siku kumi na moja, na katika kufa kwake ikaondoka na kompresa ya jokofu. Nilinunua kwa bei na kwa uzito, kama anayenunua jogoo.

Waliopata ushauri wa fundi mwaminifu walianza upande mwingine. Fundi hakuuliza una shilingi ngapi. Aliuliza usiku unataka nini kiwe hai. Akajumlisha vile vinavyokwenda pamoja, akaongeza mwanzo wa kile chenye mota kubwa kuliko vyote, kisha akasema: jokofu na pampu visiamke kwa wakati mmoja, na mashine ya wati 2,500 itakustahi. Kama kibao cha mashine kilisema KVA 3, alizidisha kwa nane ya kumi, akapata kilowati 2.4 na kuishia hapo. Mwenye nyumba kubwa alielekezwa kwenye dizeli inayozunguka mara 1,500 kwa dakika badala ya 3,000. Hiyo ni nzito na ghali, lakini sauti yake ni ya kifua, si ya pua, na hudumu.

Sauti si jambo dogo katika Mji Mkongwe. Kuta zetu za mawe na chokaa ni nene, vichochoro vyembamba, na ua limezungukwa na ghorofa pande zote nne. Mji uliojengwa ili upepo na faragha vikae pamoja haukujengwa kwa ajili ya injini. Jenereta iliyowekwa kichochoroni ilitia moshi dirishani kwa jirani ambaye mwenyewe alikuwa amekaa kizani. Iliyowekwa uani ilijaza nyumba nzima ile gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humchukua mtu usingizini bila ya kumgutusha. Mahali pake ni nje, mbali na madirisha, na nyumba nyingi za Shangani au Malindi hazina "nje" ya namna hiyo isipokuwa juu ya dari. Nimesikia maneno baina ya majirani wa miaka 30 yaliyoanza kwa moshi na kuishia kwenye mirathi ya babu zao.

Lipo na kosa lililokuwa likifanywa kimya kimya: kuchomeka jenereta katika soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo, kama swichi kuu haikuzimwa, hutoka nje na kupanda nguzoni, na fundi anayetengeneza waya akidhani umekufa hukutana nao. Swichi ya kubadilishia, inayolazimisha nyumba ichague chanzo kimoja tu, ilikuwa ya bei ndogo kuliko mashine yenyewe, na bado ndiyo iliyoachwa dukani.

Kwetu sababu ya kutaka jenereta ilikuwa dawa. Mama alikuwa na sukari, na insulini ya akiba hukaa jokofuni. Baada ya ile mashine kufa, shangazi yangu alikuja na mtungi, akautia mchanga mbichi, akaweka kichupa ndani ya kopo kavu na kufunika kwa kitambaa cha maji. Muuguzi akatuthibitishia kwamba kichupa kilichokwisha kufunguliwa huweza kukaa kiasi cha wiki nne pasipo barafu, ilimradi joto lisizidi. Akiba ikahifadhiwa kwa jamaa mwenye dizeli, ambaye aliiwasha saa tatu asubuhi na saa tatu jioni, basi. Jokofu lisilofunguliwafunguliwa huhimili saa nne bila umeme, na likijazwa barafu huhimili zaidi. Nikafahamu kwamba tungeweza kuishi na nusu ya mashine tuliyoitaka.

Elimu hiyo haikukaa sana bila ya kutumika. Tarehe 10 Disemba 2009 waya ukaharibika tena, na safari hii kiza kilidumu hadi Machi 2010. Sauti za Busara za Februari zilipigwa kwa jenereta. Maulidi yakasomwa kwa karabai na kwa mashine za kuazimana. Niliona mitaa ambayo nyumba tatu zilichanga petroli ya mashine moja na kugawana usiku kwa zamu, jambo ambalo 2008 hatukulifikiria. Mtafiti Alfredo Burlando, aliyechunguza kiza kile cha kwanza, alikuta kwamba waliotegemea umeme kwa kazi zao walipoteza saa za kazi na kipato, na kwamba watoto waliokuwa matumboni siku zile walizaliwa na uzito mdogo. Hao hawakuwamo katika hesabu ya wati ya mtu yeyote.

Mwaka 2010 Pemba nayo ilipata waya wake kutoka Tanga, mitambo ya dizeli ya akiba ikafungwa Mtoni, na mwaka 2013 waya wa pili wa Unguja, wa megawati 100, uliolazwa kwa fedha za Marekani, ukazinduliwa. Jenereta nyingi za miaka ile zimo chini ya ngazi zimefunikwa magunia, petroli imegeuka gundi ndani ya kabureta. Ile ya jamaa yetu bado inawaka. Kila mwanzo wa mwezi huitoa, huitia mzigo wa jokofu kwa nusu saa, kisha huizima.