Fuwele za Yatta: safari ya lava iliyosomwa chini ya hadubini

Nchini Kenya, mashariki ya Kalamba, ng'ambo ya mto Athi, kuna mlima mrefu usio na kilele. Ni uwanda wa Yatta, uliotandaa takriban kilomita 300 kutoka upande wa Ol Doinyo Sabuk hadi Tsavo. Miaka milioni 13.5 hivi iliyopita palikuwa bonde. Lava ikatiririka humo, ikaganda. Mvua zilimomonyoa kingo za bonde, jiwe gumu likabaki juu.

Jiwe hilo, fonolaiti, ni jeusi lenye madoa meupe. Madoa hayo ni fuwele za feldispa na nefelini. Nyingine ni ndogo mno, na njia ya kuzisoma ilipatikana katika karne ya 19.

Mwaka 1828 William Nicol wa Edinburgh alikata fuwele ya kalsaiti kutoka Iceland, akaibandika upya, ikawa inapitisha mwanga unaotikisika katika mwelekeo mmoja tu. Vipande viwili vya aina hiyo vikipishana, giza huingia. Ukiweka fuwele katikati yake, nyingi hung'aa, kwa kuwa huugawa mwanga katika mikondo miwili yenye kasi tofauti. Mikondo hiyo ikikutana tena, baadhi ya rangi hufutika na nyingine hubaki. Katika miaka ya 1830 Mwingereza Henry Fox Talbot alizichunguza fuwele kwa mwanga huo, na baada ya kubuni njia yake ya kupiga picha akazipiga picha. Kisha Henry Clifton Sorby akaanza kusaga mawe hadi yapitishe mwanga. Siku hizi kipande husagwa hadi unene wa milimita 0.03.

Mwanajiolojia John Walter Gregory alisafiri Kenya mwaka 1892 na 1893, akarudi London na mawe. Mwaka 1903 George Prior wa jumba la makumbusho la Uingereza alichapisha uchambuzi wa mawe ya volkano ya Afrika Mashariki, fonolaiti zikiwemo.

Katika kipande cha fonolaiti kilichosagwa hivyo na kuwekwa kati ya vipande viwili vya Nicol, feldispa huonekana ya kijivu na nyeupe, huku madini ya piroksini yakiwaka rangi kali. Ukubwa nao una maana: fuwele kubwa zilikua polepole chini ya ardhi, kabla lava haijatoka; vijifuwele vilivyozizunguka vilikua haraka lava ilipopoa. Vikilala sambamba, vinaonyesha lava ilielekea wapi.

Wingi wa fuwele huongeza mnato wa lava, na lava yenye mnato mwingi haiendi mbali bila mteremko. Mwaka 2010 mwanajiolojia Henry Wichura na wenzake walikokotoa mteremko ambao lava ya Yatta ilihitaji ili ifike ilikofika. Jibu lao: ilipoanza safari, nyanda za juu za Kenya zilikuwa tayari zimeinuka, kabla ya Bonde la Ufa kupasuka lilivyo leo.